Mechi ya Giza

Salha mwanangu,

Assalamu alaykum. Wanaojua kuandika barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, sijui wewe huko. Mimi sina haja ya kuuliza. Wewe uko Amani kwa mama yako unaaga, na sanduku lako liko hapa ukumbini limeshafungwa kamba, nnalitazama. Hujawa mbali bado na mimi nshaanza kukuandikia. Hii ni barua yangu ya kwanza katika umri wangu wote, na sioni haya kuanzia uzeeni. Kitu nikikianza mimi hukianza vizuri.

Nimekaa baada ya alasiri. Karatasi nimezichana katika daftari lako la zamani la skuli, nyuma kuna hesabu zako, usizihangaikie. Chuoni kwa Kurani nilihitimu, skuli nikaishia darasa la tatu, na hapa mjini hakuna aliyenizidi kwa kitu chochote chenye waya. Ukikuta herufi imepinda isome hivyo hivyo, usiinyooshe.

Mambo ya kula, ya kusali, ya kuweka pasi ya safari mahali pa salama na kutompa mtu usiyemjua begi lako akushikie, mama yako anakwambia saa hizi. Mimi siyagusi. Mimi nna jambo moja tu, nalo ni ile mechi yetu ya Sikukuu, ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Nataka uondoke umelisikia kwa mkono wangu. Usiruke karatasi ukalifuata mbele. Nimelikimbia miaka kumi na nne na miguu ishazoea, kwa hiyo nenda na mimi taratibu.

Duka la gemu wewe ulilikuta limesimama. Hukuliona linazaliwa hapa chini ya nyumba yetu Kiponda, chumba kimoja, mabenchi mawili, televisheni iliyokuwa mpaka ipigwe kofi ndipo itoe rangi. Mashine ya kwanza aliniletea baharia mmoja aliyekuwa akifanya kazi meli za Kijapani. Ilikuwa ya kaseti. Unaichomeka, isipowaka unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Wengine walikuwa wakiipulizia mate matupu. Mimi nikipuliza mara moja inawaka, muulize mtu yeyote aliyekuwepo.

Na kila neno kwenye kioo lilikuwa Kijapani. Hapakuwa na mtu Unguja nzima anayeweza kukisoma. Wallahi siku ile nilijua Mungu ananipenda. Alikuja mwalimu wa skuli, akaja karani wa mahakama, akaja kijana anayesomea sheria bara yuko likizo, wote wakakaa wakakodoa macho. "Hapa pameandikwa nini, bwana?" Nikawaambia, "Hapo hapasomwi, hapo panabonyezwa." Maana mimi nilikuwa nimeshakaa nayo wiki nzima, nnajua chini mara mbili, kulia mara moja, bonyeza, mpira unaanza. Ilipokuja mashine ya CD nikajua kuwa kitufe cha duara ni ndiyo na cha msalaba ni hapana. Mbele ya kioo kile sote tulikuwa darasa la tatu, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Ndipo wakaniita Bingwa, na jina alilonipa baba yangu likabaki kwenye cheti tu.

Umeme nao miaka ile ulikuwa hauna adabu. Mtu anaongoza mabao mawili, dakika zinakwisha, pa, giza. Huyu anasema nshashinda. Mwenziwe anasema ningeyarudisha. Siku moja wawili walishikana mashati mpaka televisheni ikataka kuwaangukia. Nikasimama katikati nikatoa hukumu: mechi ikikatwa na umeme ni mechi ya giza. Haihesabiwi. Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, umeme ukirudi mnaanza sifuri. Nikaiandika ukutani kwa chaki, mstari mzima, na nadhani makosa hayakuzidi mawili. Sheria ile ilitembea. Ng'ambo waliichukua, Mbweni waliichukua, ikaingia mpaka kwenye maneno ya watu. Uchumba ukivunjika bila ya ugomvi utasikia mtu anasema, ah, hiyo mechi ya giza. Wanasema tu, hawajui imetoka wapi. Imetoka kwangu.

Mama yako aliondoka wewe una miaka mitano. Watu walisema kilichomtoa ni duka. Si duka. Siku anafunga nguo zake nilimuuliza, "Nimekukosea nini?" Akanambia, "Hujanikosea. Mtu akikaa na wewe lazima yeye ndiye awe amekosea, kila siku. Nimechoka kukosea." Nikamjibu kuwa hapo pia amekosea. Ndivyo nilivyomjibu, mwanangu, na nikacheka, na niliyecheka nilikuwa mimi peke yangu. Baadaye ulipofika miaka saba ukaja kukaa kwangu kwa sababu skuli ilikuwa karibu. Nilijigamba hata kwa hilo. Nikasema unaona, mtoto kamchagua baba.

Ukawa unatoka skuli, unatoka chuoni, unakaa benchi la mbele na buibui lako dogo umelikunja mapajani. Majina ya wachezaji hayasomeki, basi wewe ukawapa majina. Beki wa kulia ukamwita Mwalimu wa Chuo kwa sababu hapiti mtu. Kipa ukamwita Mgonjwa. Yule mfupi namba tisa, mwepesi, anayewasha, ukamwita Chachandu. Wateja watu wazima na ndevu zao wakawa wanapiga kelele, "Mpe Chachandu! Mpe Chachandu!" Mtangazaji naye ndani ya televisheni anapayuka kwa Kijapani, na sote tunamwelewa.

Nilikufundisha kila kitu isipokuwa kunishinda. Sikukuachia bao hata moja kwa huruma, na hilo silijutii, maana mtoto ukimwachia anajua. Ulikuwa ukifungwa sita, ukifungwa saba, unafuta jasho la mikono kwenye gauni, unasema, "Tena." Watoto wa kiume wakifungwa walikuwa wakilaumu pedi, mara kitufe kimekwama, mara waya mfupi. Wewe hukulaumu pedi hata siku moja. Unasema, "Tena, baba." Neno lile sijalisikia tena ndani ya nyumba hii.

Sasa nikurudishe Ramadhani iliyopita. Ulileta mashine mpya, ukaifunga hapa ukumbini baada ya futari, ukaniita.

"Baba, njoo. Nimekuwekea ya mpira."

"Hiyo si gemu, hiyo sinema."

"Mechi moja tu."

"Ndiyo wameifanya hapana, na hapana wameifanya ndiyo. Ntachezaje na mashine isiyojua ndiyo yake iko wapi?"

Ukacheka. Maana ni kweli, katika hizi mpya msalaba umekuwa ndiyo, na duara imekuwa hapana, na kidole changu kina miaka zaidi ya ishirini kinajua kinyume chake. Ukasema, "Ntakubadilishia, baba. Dakika moja tu, iwe kama ya zamani." Nikasema mgongo unaniuma. Ukakaa na pedi mbili mkononi kidogo, kisha moja ukairudisha ndani ya boksi lake, polepole, ukaifunga na mfuko wake. Mimi nilikuwa nnakutazama kwa kupitia kioo cha kabati.

Wiki nzima nikazunguka barazani nnazisema vibaya mashine mpya. Na niliyoyasema mengine nayashikilia, sikufutii. Gemu ya zamani ukiiwasha imewaka. Hizi za sasa unaiwasha inakwambia ngoja, inataka intaneti, inataka kujirekebisha, unakaa unatazama mstari unajaa kama mtu anayengoja maji ya bomba. Gemu ya zamani ilikupa roho tatu na zikisha zimekwisha, unarudi mwanzo, na unaujua mwanzo ule kama unavyojua ngazi za nyumba yako. Hizi kila hatua mbili imeshakuhifadhia, huogopi kitu, na mtu asiyeogopa kitu hafurahi pia. Halafu unacheza na nani? Na jina. Jina liko Brazil, liko Uturuki, hujui ana umri gani, hujui amekula vitunguu, likikufunga linaondoka bila ya kuaga. Dukani kwangu ukifungwa ulikuwa unafungwa na mtu ambaye goti lake linagusa lako.

Lakini siku ulipokwenda kazini niliiwasha. Sikukwambia. Nilikaa asubuhi nzima nikabonyeza hapana kila nilipotaka ndiyo mpaka nikaingia uwanjani. Mwanangu, majani yale. Jasho kwenye shingo za watu. Ikanyesha mvua mle ndani nikataka kuinuka kwenda kuanua nguo. Nilisema peke yangu, wamefanya kazi hawa. Kwa hiyo sikukataa kucheza na wewe kwa sababu ya msalaba wala duara. Nilikataa kwa sababu ungenishinda, na ukishanishinda tungekuwa tumefika kwenye ile Sikukuu, na mimi sikutaka kufika.

Basi tumefika.

Siku ya pili ya Idi ndogo. Duka limejaa, wengine wako dirishani, mlangoni vichwa juu ya vichwa. Umevaa gauni la kijani alilokushonea fundi Khamis, mkononi hina haijafifia. Nimeshafunga watu tisa tangu asubuhi. Nikasema kwa kujigamba, "Nani amebaki mjini?" Wewe ukasema, "Mimi."

Wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao. Nikatangulia bao moja nikawageukia watu badala ya kutazama kioo, na mpira ulipoanza tena wewe ukasawazisha nikiwa bado nnaongea. Kipindi cha pili sikuongea. Zimebaki dakika tano, Chachandu wako akapokea pembeni, akamzunguka beki wangu mara mbili bila ya haraka, akapiga chini, kipa wangu akaruka juu. Mbili moja. Duka likapasuka.

"Bingwa analiwa! Analiwa na mtoto wa kike!"

"Kula Sikukuu yako, Bingwa!"

"Mwacheni, anatafuta gauni la kuvaa!"

Nilikutazama. Wewe hukuwa unacheka wala hukuwatazama wao. Ulikuwa umeuma mdomo, unatazama kioo, unacheza vizuri. Nikaona kitu nilichokuwa nakitafuta kwa kila aliyekaa benchi lile na nisikipate, mchezaji. Na yeye ni wangu. Ningekuwa mtu mwengine ningekufa kwa furaha. Lakini moyo wangu ukaniuliza swali la kipumbavu: mtu akifungwa na mgeni anarudi nyumbani akawa baba, sasa akifungwa na mwanawe anarudi wapi?

Ekstensheni ya umeme ilikuwa chini ya benchi, karibu na mguu wangu wa kulia. Kila kitu kilikuwa mle, televisheni, mashine, feni, taa. Nilivua kiatu. Nikatafuta swichi kwa kidole gumba. Nikaibonyeza.

Giza. Watu wakaguna. Mimi nikawa wa kwanza kupiga kelele, "Umeme umekatika! Mechi ya giza, haihesabiwi!"

Na mlango wa pili mashine ya aiskrimu ya Shaaban inanguruma kama kawaida.

Wao kwa zogo lao hawakuisikia. Wewe uliisikia. Nilikuona kwa mwanga wa dirishani, uligeuza kichwa upande wa ukuta wa Shaaban, ukasikiliza, kisha ukanitazama mimi, kisha ukautazama mguu wangu usio na kiatu. Kuna kijana akasema, "Lakini alikuwa keshashinda huyu!" Nikasubiri. Sijawahi kusubiri neno la mtu kama nilivyosubiri lako. Ungesema, ningekwisha.

Ukasema, "Kweli umekatika. Mechi ya giza."

Ukaweka pedi juu ya benchi, ukanyoosha gauni, ukatoka. Nami nikakaa gizani na watu wangu kama robo saa, kisha nikabonyeza tena kwa kidole kile kile, nikasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, umerudi."

Nilifanya hivyo mara moja tu maishani, na nataka hilo liandikwe. Wengine wote niliowafunga niliwafunga kweli. Lakini kuzima umeme si ubaya wangu mkubwa katika jambo hili. Hukukamata pedi tena na mimi, na badala ya kukuuliza, nikakugeuza kuwa sifa yangu. Barazani nilikuwa nikisema, "Hata binti yangu mwenyewe kaniogopa. Tangu Sikukuu ile hagusi." Watu wanacheka, wananipa kahawa. Siku moja nilisema hivyo na wewe uko ngazini na ndoo ya maji. Ulisimama. Nilijua umesikia kwa sababu maji yalimwagika kidogo na wewe humwagi maji. Ukapita, ukasema hodi kwa adabu, ukapanda juu. Miaka kumi na nne nimekula sifa kwa ukarimu wako.

Nilijiambia kuwa mtoto amesahau, mambo ya michezo yale. Mpaka mwezi uliopita. Ulirudi kutoka ile ofisi yako ya hapa mjini, nikakuuliza wageni wameipenda gemu uliyoitengeneza? Ukasema wameipenda, lakini mkubwa wako aliwaonyesha kama ni yake yeye. Nikauliza, na wewe ulikuwepo? Ukasema, "Nilikuwepo, nimekaa nyuma." Hukusema kitu? Ukasema, "Si kitu, baba. Mkubwa yule, angeaibika mbele ya watu."

Nilikuwa nnakunywa chai. Sikumaliza. Mambo mengine nimekufundisha kwa mdomo, hilo nilikufundisha kwa mguu.

Ndiyo maana leo nikaona siwezi kukuacha uondoke hivi hivi. Kwanza nikataka kuliweka sawa kwa watu, kwa sababu mbele ya watu ndiko nilikolifanya. Baada ya sala ya adhuhuri nikaenda barazani. Khamis fundi cherehani alikuwepo, na unajua Khamis siku ile alikuwa benchi la nyuma. Nikasema, "Nna neno. Salha alinifunga ile Sikukuu. Mbili moja. Umeme haukukatika, nliuzima mimi kwa mguu."

Khamis akaniangalia. Akasema, "Masikini Bingwa. Mtoto hajapanda ndege ushaanza kumpamba."

"Simpambi. Nakwambia kweli."

"Umeme ulikatika bwana, mimi nilikuwepo. Tulikaa gizani mpaka jasho likatutoka."

"Ulikuwepo na hukuona kitu."

"Haya basi kakufunga. Na mimi juzi nilimfunga simba mkia. Mpeni mzee kahawa, ana majonzi."

Wakacheka wote kwa upole. Salha, miaka yote nilipokuwa nasema uongo waliniamini mpaka neno la mwisho, leo nimesema kweli wananihurumia. Nikaapa, wakasema usiape kwa mambo ya michezo, ni dhambi. Nimerudi nyumbani na ukweli wangu mkononi, hakuna anayeutaka.

Nikaingia dukani. Tangu watu wote wawe na simu zao nimelifunga, unajua, lakini mashine ya CD bado imo na televisheni bado imo. Kuna kitu sijakwambia. Huwa nnakwenda mle nikawasha mchezo wa watu wawili. Sitaki kucheza na kompyuta, haina goti. Pedi ya pili naiweka juu ya benchi upande wako. Basi wachezaji wa upande wa pili wanasimama tu, hakuna anayewaongoza, mpira unapita katikati ya miguu yao. Namfunga Mgonjwa kumi, kumi na tano, amesimama golini ananitazama. Namba tisa haondoki kwenye duara la katikati. Mtangazaji anapayuka kila bao kama ni la kwanza duniani. Ndivyo anavyocheza mtu asiyeshindwa, mwanangu. Anacheza hivyo mpaka magharibi, anazima, anapanda juu, hana wa kumsimulia.

Nilitazama ukutani. Ile chaki yangu bado inaonekana. Nikailowesha kanzu mate nikaifuta sheria ile.

Wewe unakwenda Malesia kufanya kazi ya kutengeneza gemu. Watu wananiuliza mwanao anakwenda kusoma udaktari? Nawaambia hapana, anakwenda kutengeneza gemu, na wao wanacheka na mimi sicheki. Huko utawakuta wenye elimu, wanaosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo. Mimi nimekaa nyuma ya mabenchi miaka zaidi ya ishirini nikiwatazama watu wakifungwa, na kitu hicho hakuna skuli inayokifundisha. Nimeona wengi. Mtu akifungwa, kuna muda mdogo kabla hajasema neno, uso wake uko wazi kabisa, hajui atauweka wapi. Gemu nzuri inampa pa kuuweka. Inamfanya aseme tena. Mimi sikuwahi kukaa ndani ya muda ule hata mara moja, niliuruka kwa kidole cha mguu, na sasa nauona ndiyo mchezo wenyewe. Nilisimamia duka la kufungwa watu na sikujua wanahisi nini. Utakapokuwa unatengeneza vitu vyako, mkumbuke anayefungwa. Na usimsamehe anayezima umeme.

Watakuwepo huko. Watakuwa na mashati mazuri na watazima kwa mkono, si kwa mguu. Utakuwa umefanya kazi, imekaribia kuonekana ni yako, mkubwa mmoja atasema ah, bahati mbaya, hii haihesabiwi. Na wewe una moyo ule, utageuza kichwa, utasikia mashine mlango wa pili inanguruma, na utaona huruma juu yake kama ulivyoona juu yangu. Utamhifadhi. Mwanangu, usimhifadhi. Sema nnaisikia. Sema kwa adabu, lakini sema. Mimi ulinihifadhi na hukunisaidia. Nimekuwa Bingwa miaka kumi na nne zaidi ya haki yangu, na miaka yote hiyo hakuna aliyecheza na mimi.

Narudia kwa herufi kubwa, uikate uiweke ukitaka. SALHA MABAO MAWILI, BABA YAKE BAO MOJA. UMEME ULIKUWEPO. Nimeweka na dole gumba kwa wino, maana saini yangu watu huikataa. Ni la mkono, usijali.

Nakusikia kwa mbali kama ni wewe unaongea na watu wa duka la kona. Wacha niharakishe.

Barua hii ntaiweka juu ya sanduku lako, uisome ukiwa chumbani kwako. Usitoke usiku kuja kuniuliza. Lala. Asubuhi utatoka, utanikuta nimekaa hapa, na utanipa shikamoo yako kama kila siku. Siku zote hizi naipokea na kuitikia marahaba huku natazama pembeni, kwa sababu kila asubuhi nahisi ni ile ile, unanihifadhi mbele ya watu hata kama watu hawapo.

Kesho usinipe. Wala usije ukanambia, "Yamekwisha, baba, mambo ya utoto yale." Najua unavyoyasema maneno ya namna hiyo, kwa sauti ndogo, ukinyoosha nguo. Ukisema hivyo ntakuwa nimebonyeza tena na wewe umesimama tena unawaambia watu umekatika.

Nikasirikie kwanza. Nambie ulivyotoka dukani siku ile ulikwenda wapi, maana hata hilo sikujua. Nambie ulivyosimama ngazini. Ukitaka kupiga kelele piga, milango ntaiacha wazi, Shaaban asikie, Khamis asikie. Sitokujibu. Unanijua, sijapata kumwacha mtu amalize, lakini kesho ntakaa kimya mpaka mwisho, na pale utakapoona nataka kujitetea, ninyooshee kidole tu ntanyamaza.

Ukimaliza, kama shikamoo bado unayo, ndipo uniamkie. Na kama gari ya uwanja wa ndege ikija hujamaliza, usikate kwa ajili yangu. Ondoka na hasira yako nzima, hiyo ni mali yako, upite nayo mbele yangu bila ya kuniamkia na mimi ntabeba sanduku. Ukifika huko nipigie uendelee pale ulipoishia, siku yoyote, saa yoyote ya kwenu.

Marahaba yangu ipo. Inakungoja wewe tu.

Ni mimi baba yako,
uliyemfunga.